UZI: Avoka zetu hazina hekta. Tuzihesabu namna gani?

Anketeri wa Kabare (mwanzisha uzi)

Wandugu, salamu toka Bukavu.

Nafanya kazi ya anketeri wa takwimu za kilimo, mara nyingi Kabare na Kalehe, mara nyingine ng'ambo ya ziwa kule Idjwi. Mahindi, maharage na mihogo hainisumbui. Shida yangu inaanza nikifika ukurasa wa matunda. Pale fishi (karatasi ya maswali) inauliza: "Eneo la bustani ya matunda, kwa hekta."

Sasa chukua mama mmoja wa Katana. Ana avoka (parachichi) tatu nyuma ya nyumba, pruni za Japani nne kando ya choo, ndimu moja karibu na mlango, na marakuja (pasheni) iliyojipandia juu ya mti wa grevilea wa mpaka. Katikati ya vyote hivyo kuna migomba, na chini ya migomba kuna maharage. Hekta ngapi za matunda? Anketeri mwenye haraka anaandika sifuri. Anketeri mwenye huruma anaandika 0,1. Zote mbili zinapanda mpaka Kinshasa na huko zinajumlishwa kana kwamba zilipimwa.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizunguke: huku Kivu hesabu ya matunda ianze na mti. Hekta ibaki kwa yule aliyepanda kwa mistari, nafasi inajulikana, na ndani hamna kitu kingine. Watu hao wapo, lakini ukiwategemea wao tu, utasema Kivu haina avoka, na huku soko la Kadutu limejaa.

Hilo swali la hekta halikutungwa kwa ajili yetu. Ulaya walikuwa na kanuni namba 1337 ya mwaka 2011 kuhusu mazao ya kudumu: miti ya matunda, mizeituni, zabibu. Ilichukua nafasi ya sheria ya 1979 ya mashamba ya mizabibu na ile ya 2001 ya bustani za matunda. Kila miaka mitano nchi zenye bustani kubwa zilitakiwa kutoa eneo, na eneo hilo ligawanywe kwa umri wa miti na kwa idadi ya miti kwa hekta. Bustani zilianza na 2012, mizabibu 2015. Kwa pome (tufaha), makundi ya umri yalikuwa chini ya miaka 5, 5 hadi 14, 15 hadi 24, na 25 kwenda juu. Mtu wa Ulaya ana safu za pome zilizonyooka, kila safu ina mwaka wake wa kupandwa ulioandikwa kwenye daftari. Kwake hekta ni jibu.

Lakini hata FAO wenyewe, katika mwongozo wao wa sensa ya kilimo, wanatenganisha shamba la miti iliyopandwa pamoja na miti iliyotawanyika. Ya kwanza unapima eneo. Ya pili unahesabu miti, na unauliza ile iliyofikia umri wa kuzaa na ile ambayo bado. Kwa hiyo sidai jambo jipya. Nadai tusome ukurasa wa pili wa mwongozo, maana fishi nyingi zinazotufikia zimeishia ukurasa wa kwanza.

Kuna na shida ya msimu. Ankete zetu zinapangwa kwa Msimu A, tangu Septemba mpaka Januari, na Msimu B, Februari mpaka Juni. "Msimu huu ulipanda nini? Ulivuna nini?" Mwenye avoka hakupanda kitu msimu huu. Alipanda baba yake. Basi mti unaanguka katikati ya maswali mawili na hauonekani popote.

Nataka kusikia walio karibu na jambo hili: wauzaji, watu wa pepinyeri (vitalu vya miche), ma-agronomu, wa Goma, wa Lubumbashi, hata wa mbali. Kwenu mnahesabu vipi?

---

Mama Avoka Kadutu

Yaya anketeri, mimi niko muuzishaji wa avoka ku Kadutu, na mama yangu alikuwa anauzisha pale pale. Unauliza mwenye shamba alivuna gunia ngapi? Hajuwe. Juu haikuwa yeye alivuna, ni sisi njo tunavunaka. Tunaendaka mpaka kule, tunaangalia muti vile imebeba, tunapatana bei ya muti nzima kama matunda ingali juu. Kisha tunaleta vijana ya kupanda. Mwenye muti anabaki na feza yake na zile za kuanguka chini, anakulisha batoto na nguruwe.

Ukitaka kujua mavuno, uniulize mimi. Lakini sijaona siku moja anketeri anakuya ku soko na fishi. Banaendaka tu kwa mwenye shamba.

Na gunia haiko gunia. Kuko ile ya kufunga ku mdomo, kuko ile banaongeza kichwa juu na wavu. Bote banaita gunia moja. Na avoka ya kizungu, ile kidogo ya ngozi nyeusi, inaingia mingi kuliko ile yetu kubwa.

---

Anketeri wa Kabare

Mama, nakushukuru, umenipa kazi. Kwa hiyo kwa mti uliouzwa ukiwa na matunda juu, mwenye mti aulizwe miti mingapi aliuza na kwa bei gani, na kilo ziulizwe kwa mnunuzi. Kumlazimisha aseme gunia ambazo hakuzibeba ni kumfundisha kubuni.

Kuhusu gunia, dawa ni mzani. Pale sokoni unapima gunia kadhaa za kila aina, unatenganisha yetu na Hass, ile ya ngozi nyeusi, unapata uzito wa kadiri wa kila moja. Baadaye mtu akisema "gunia mbili za kichwa" unajua ni kilo ngapi. Ni kazi ya asubuhi chache, na bila hiyo kila kitu kinachofuata ni hewa.

---

Mtoto wa Birere

Mukihesabu miti leo, kesho kodi. Sisi wa Goma tumeshaona. Mtu akija na tableti na jileti yenye herufi, mimi niko na mti sifuri.

---

Muzee Walungu

Kijana wa Birere amesema kwa kifupi, acha niseme kwa urefu kidogo, maana anketeri wengi ni vijana na hawajui wanagusa nini wakiuliza mti.

Kwanza, kumbukumbu. Mashamba ya lazima yaliwekwa na serikali ya Wabelgiji mwaka 1917. Agronomu alipita kupima na kuhesabu, na aliyekosa kutimiza alitozwa faini au alifungwa. Wazee wetu walijifunza kwamba mtu anayehesabu shamba lako hakuletei zawadi. Hilo halikufa na uhuru.

Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi. Huku Bushi, mti unasema ardhi ni ya nani. Aliyepata shamba kwa kalinzi, yaani alimtolea mwenye ardhi ng'ombe au mbuzi na kupewa haki ambayo watoto watairithi, huyo anaweza kupanda migomba, kahawa, avoka. Aliyepata kwa bwasa, yaani amekodi kwa msimu, huyo apande maharage na mihogo, avune, atoke. Akichimba shimo la mti, mwenye shamba atasema: huyu anataka kubaki.

Sasa wewe unafika na kumwuliza mtu wa bwasa mbele ya jirani zake, "Una miti mingapi ya matunda?" Umemuuliza kama ameiba ardhi. Atasema hana. Na kama alipanda kimya kimya avoka mbili kando ya mtaro, ndiyo kabisa hatakuambia.

Na yule wa kalinzi mwenye kesi ya mpaka na ndugu yake? Huyo atakuhesabia mpaka miti ya ndugu yake, ili karatasi ya serikali imtetee siku ya baraza.

---

Anketeri wa Kabare

Muzee, hili nililiona kwa macho lakini sikuwahi kulisikia likipangwa hivi. Linaeleza na jambo jingine. Barabara ikitaka kupanuliwa na watu wakasikia kuna malipo ya fidia kwa kila mti, miti inazaliana usiku. Miche ya juzi inapandwa bega kwa bega. Mji ule ule, watu wale wale: ukihesabu kwa kodi miti inapungua, ukihesabu kwa fidia inaongezeka.

Kwa hiyo swali la haki ya ardhi liulizwe, ila liende mwisho, na liulizwe pembeni, sio mbele ya shefu wa kijiji aliyetusindikiza. Na jina la mtu lisiende pamoja na idadi ya miti yake kwenye ofisi yoyote ya ushuru. Sheria za takwimu karibu kila mahali zinakataza hivyo. Wanakijiji hawajasoma sheria, wanaangalia kama mwaka uliofuata mtoza kodi alikuja.

---

Agro L'shi

Wandugu wa Kivu, huku Lubumbashi hadithi ni ileile lakini mti ni muembe. Ingia parseli (kiwanja) yoyote ya komini zetu za Kenya, Katuba, Kampemba: muembe uko pale, kivuli cha watu kukaa, matunda kuanzia Novemba hivi. Mwenye parseli si mkulima. Ni fundi, mwalimu, mtu wa kampuni ya madini. Ankete ya kilimo haimfikii kabisa, kwa sababu orodha inaanza na "kaya za wakulima". Maembe ya mji huu mzima hayana mwenyewe kwenye takwimu.

Upande mwingine pome zinazotoka Afrika Kusini zinapita mpaka wa Kasumbalesa, zina karatasi za forodha, kilo zake zimeandikwa. Mtu akisoma makaratasi tu atasema Walushois wanakula pome kuliko maembe.

Na masuku? Yale ya porini, kwenye msitu wa miombo, yanauzwa kando ya barabara wakati wa mvua. Hakuna aliyeyapanda, basi hayahesabiwi kama zao. Naelewa sababu, maana ukianza kuhesabu mti usio na mpandaji hutamaliza. Lakini mama anayeyauza analipa karo kwa hayo hayo.

---

Mkulima wa Zabibu Dodoma

Habari zenu ndugu wa Kongo. Nimeuona uzi huu nikashindwa kupita bila kusema. Mimi niko Dodoma, nalima zabibu.

Kwetu hekta (sisi husema ekari) inafanya kazi, kwa sababu mzabibu unapandwa kwa mistari, una nguzo na waya, na haukubali kuchanganywa hovyo. Zao hili lililetwa na wamisionari kule Bihawana, siku hizi kituo cha utafiti kiko Makutupora. Ila hata hapa kuna mtego. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza karibu na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Mkusanyaji wa takwimu akija mara mbili na kujumlisha eneo lililovunwa, shamba la ekari moja linakuwa ekari mbili. Halafu akigawa mavuno kwa eneo hilo, anasema zabibu za Dodoma zinazaa kidogo. Inabidi eneo liandikwe mara moja, mavuno yaandikwe mara mbili.

Jambo jingine, zabibu ulize ni za nini. Za mvinyo, za mezani, au za kukausha. Duniani wanatenganisha hivyo kwa sababu soko na bei vinatofautiana kabisa. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilikadiria mizabibu yote ya dunia kuwa hekta milioni 7,2 mwaka 2023, pamoja na michanga ambayo haijaanza kuzaa. Hilo nalo watu husahau: hekta za mizabibu si lazima ziwe hekta za zabibu. Mzabibu unataka karibu miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana.

---

Mwanafunzi wa Mulungu

Mimi nasoma agronomia na nilifanya stage (mafunzo ya kazi) kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, Mulungu. Yaya anketeri, nakubaliana nawe juu ya hekta, lakini na mti nao unaweza kutudanganya.

Angalieni machungwa ya Florida, Marekani. Labda hakuna mahali duniani wanapohesabu miti ya matunda kwa bidii kama pale. Wanapiga picha kutoka angani, wanashuka kuhakiki chini, na kila mwezi wa kumi serikali inatangaza makadirio ya msimu. Wanatumia vitu vinne: idadi ya miti inayozaa, idadi ya matunda kwa mti, ukubwa wa tunda, na matunda yanayoanguka kabla ya kuvunwa. Ugonjwa wa machungwa unaosambazwa na kidudu kidogo ulionekana huko 2005. Msimu wa 2003/04 walikuwa wamevuna masanduku milioni 242. Msimu wa 2022/23 hawakufika milioni 16. Miti ilipungua sana, ndiyo, lakini hata ile iliyobaki ilizaa kidogo na kuangusha matunda. Aliyehesabu miti peke yake angefikiri hali ni nafuu kuliko ilivyo.

Kwetu mfano ni mgomba. Ugonjwa wa kunyauka ulipoingia mashamba ya Masisi, migomba ilisimama na majani yake, mikungu ikaiva kabla ya wakati na ndani ikaoza. Shina lipo, kasiksi (pombe ya ndizi) hakuna. Ukihesabu mashina umehesabu nini?

---

Anketeri wa Kabare

Hoja nzito, na naikubali nusu. Mti ndio mwanzo, haujawa mwisho. Lakini bila idadi ya miti, hivyo vingine vitatu vya Florida havina pa kushikilia. Matunda kwa mti mara nini?

Sasa matunda kwa mti yanahesabiwaje? Hakuna atakayepanda kila avoka na kuhesabu mpaka juu. Kuna njia iliyoandikwa na Jessen mwaka 1955 na bado inatumika, nayo haitaki tableti. Unaanza chini kwenye shina. Likigawanyika, unachagua tawi moja kwa kura, na tawi nene lipewe nafasi kubwa kuliko jembamba. Unafuata tawi hilo mpaka linapogawanyika tena, unapiga kura tena, mpaka ufike kwenye kitawi unachoweza kukihesabu kwa macho.

Mfano. Shina lina matawi mawili yanayolingana unene. Unapiga kura (sarafu hatuna nchi hii, tumia karatasi mbili kwenye kofia), linatoka la kushoto. Nafasi yake ilikuwa moja kwa mbili. Hilo nalo lina matawi matatu yanayolingana, kura inatoa la katikati, nafasi moja kwa tatu. Unahesabu pale avoka 12. Makadirio ya mti mzima: 12 mara 3 mara 2, ni 72. Kwa mti mmoja unaweza kukosea sana. Ukifanya hivyo kwa miti mingi ya kijiji iliyochaguliwa kwa kura nayo, wastani unakaribia ukweli, kwa sababu hukuchagua tawi zuri linaloonekana toka barabarani. Jicho la binadamu, likiachwa lenyewe, huenda kwenye tawi lililojaa.

Kwa mgomba uko sahihi kabisa. Pale sihesabu mashina yaliyosimama. Nahesabu visiki, maana kisiki kimoja kina mama, watoto na wajukuu, kisha nauliza vyenye ugonjwa ni vingapi, na mikungu mingapi ilikatwa mwezi uliopita. Mwaka mzima hakuna anayeukumbuka kwa ndizi. Mwezi anaukumbuka.

---

Pepinyeri Kavumu

Niko na pepinyeri. Mnasahau kuuliza mche ulitoka wapi. Avoka ya mbegu, ile iliyoota jalalani, inaweza kukaa miaka saba na zaidi bila tunda. Ya kupandikiza inaanza ya tatu au ya nne. Kwa hiyo "umri chini ya miaka 5" kwa avoka mbili zilizosimama pamoja si kitu kimoja. Moja inalipa karo, nyingine inatoa kivuli.

Tena avoka inapumzika. Mwaka huu inabeba mpaka tawi linavunjika, mwaka ujao unaona majani tu. Ukipita mwaka wa kupumzika ukaandika, umeandika njaa isiyokuwepo.

Na jambo moja mtanufaika nalo: sisi tunajua tuliwauzia nani. Pruni na marakuja za biashara ziko kwa watu wachache, huwezi kuwakuta kwa kupiga kura ya kaya. Unaweza kupita kijiji kizima bila kukuta hata mmoja. Njoo kwenye madaftari ya pepinyeri, na kwa wale wa jusi wanaonunua marakuja kwa wingi, utapata orodha.

---

Anketeri wa Kabare

Pepinyeri, hiyo ya orodha ni dhahabu. Kwa kweli zinatakiwa njia mbili kwa pamoja. Miti iliyotawanyika kila mahali, kama avoka na ndimu, unaipata kwa kuchagua kaya au vipande vya ardhi kwa kura. Mazao ya wachache unayapata kwa orodha: daftari la pepinyeri, wanunuzi wakubwa, koperative. Ukitumia njia ya kwanza kwa zao la pili, utapata sifuri, au kwa bahati mbaya zaidi utamkuta mmoja na kumzidisha mpaka awe mia.

Na hapo kuna swali ambalo hamjaniuliza: kura ya kaya inapigwa kwenye orodha gani? Sensa ya mwisho ya watu nchi hii ni ya 1984. Orodha tunayotumia kwa kweli ni ya watu wa afya, wale RECO wanaopita na chanjo na vyandarua, wanaojua nyumba zote za eneo lao. Kwa kuhesabu avoka tunaishi kwa huruma ya chanjo. Na vita inazivuruga orodha hizo: kaya imekimbilia mjini, shamba limebaki, miti inazaa na anayevuna ni mwingine, au imekatwa ikawa makala (makaa). Pale fishi inatakiwa iruhusu jibu "mwenyewe hayupo", sio anketeri aruke nyumba na kwenda kwa jirani.

---

Mtoto wa Birere

Picha za setelaiti si zipo? Kwa nini kusumbua watu?

---

Mwanafunzi wa Mulungu

Zipo. Kwa mizabibu yenye mistari zinasaidia sana. Huku, kwanza mawingu. Pili, ukiangalia kutoka juu unaona kijani juu ya kijani: kichwa cha avoka kimekumbatiana na muembe, grevilea, na migomba kando. Bila mtu wa kwenda chini kukuambia hii ni nini, umehesabu vivuli. Hata Florida wanashuka.

---

Dada wa Idjwi

Mimi naongeza jambo moja. Anketeri akifika nyumbani anamtafuta baba. Baba anajua kahawa, anajua ng'ombe, anajua mpaka. Avoka za nyuma ya nyumba, mapera, marakuja, hizo ni za mama na watoto. Mama ndiye anayepakia kwenye mtumbwi asubuhi kwenda soko la Kituku, Goma. Baba anajibu "iko michache tu", na anasema kweli yake, hajawahi kuhesabu. Na ukimwuliza mama mbele ya baba, atapunguza, kwa sababu ile feza kidogo ni yake na hataki ianze kujadiliwa.

Kwa mananasi ni kinyume. Kwetu Idjwi mananasi ni shamba, yana mistari, na baba anajua kila kitu. Hapo hekta inakubali kidogo, ingawa mimi ningehesabu miche.

---

Anketeri wa Kabare

Dada, naliandika hilo kwa herufi kubwa. Kwa kila zao fishi iulize "nani anauza?", kisha aulizwe huyo, peke yake.

Kwa hiyo ukurasa wa matunda ambao ningependa kuubeba ni huu, kila mstari aina moja ya mti: ya mbegu au ya kupandikiza; ambayo haijaanza kuzaa, inayozaa, iliyochoka; mwaka huu imebeba au imepumzika, na mwaka uliopita je; iliuzwa mtini au ilivunwa na wenyewe; nani anauza. Kisanduku cha hekta kiko chini kabisa, na kinajazwa tu kama miti imepandwa kwa mistari na anketeri amezunguka na GPS. Inajaa karatasi moja. Niliwahi kupewa fishi ya kurasa nyingi mno ambayo haikuwa na hata nusu ya maswali haya.

Kilo sitaziuliza nyumbani kabisa. Zitoke sokoni kwa mama Kadutu, kwenye mzani, na kwa miti michache tuliyoihesabu kwa kura ya matawi.

---

Mama Avoka Kadutu

Sawa. Lakini muje saa kumi na mbili ya asubuhi. Saa nne gunia zishafunguliwa, zishagawanywa mu mabasani, hamutapata kitu ya kupima. Na zile za kuvuka Ruzizi kwenda Rwanda zinaendaka mapema kuliko hizo. Hizo munaandika wapi?

---

Anketeri wa Kabare

Mama, hizo zimo kwenye mti. Mti uliohesabiwa Katana umehesabiwa, tunda lake likiliwa Bukavu au Kamembe. Ndiyo faida ya kuanza na mti. Ila ukitaka kujua zinazovuka ni ngapi, hiyo ni hesabu nyingine, inasimama mpakani na kuhesabu mabasani juu ya vichwa vya wamama.

---

Muzee Walungu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Avoka iko juu ya mpaka. Mizizi pande mbili, matawi pande mbili, ndugu wawili hawasemezani. Nani anaandikiwa?

---

Anketeri wa Kabare

Shina linapotokea ardhini ndipo mti ulipo. Likiwa kwenye mpaka wenyewe, naandika kwa yule mwenye nyumba iliyotokea kwenye kura, na kwenye fishi naweka alama "wa pamoja", ili jirani yake naye akitokea kwenye kura usihesabiwe mara mbili. Anayevuna namwuliza kila mmoja kivyake. Kuhusu nani mwenye haki, Muzee, hiyo nawaachia ninyi na baraza. Mimi nimetumwa kuhesabu.

---

Pepinyeri Kavumu

Na parokia? Na shule, masista, gereza? Hao si kaya. Kwenye misheni ya huku kuna avoka za zamani kuliko sisi wote hapa, hazimo kwenye orodha ya RECO.

---

Dada wa Idjwi

Kwetu kuna shule yenye miembe mizuri, watoto wanaimaliza ingali mibichi, na chumvi mfukoni. Mavuno utaandika ya nani?

---

Anketeri wa Kabare

Taasisi zinapewa orodha yao, ni chache, unazipitia zote bila kura. Kwa miembe ya shule nitaandika: miti inazaa, mavuno hayakupimwa.